Daftari Nililoogopa Kulifungua

Lilikaa kwenye rafu miaka mitatu na ushee. Jalada gumu jeusi, karatasi nene za gramu 200 kwa mita ya mraba, utepe mwekundu wa kuwekea alama pale ulipofika. Nililinunua wiki ile ile niliyoamua kwamba na mimi nitakuwa mtu wa kuchora. Nikalifungua, nikainusa karatasi (usinicheke, wenye ugonjwa huu tunajuana), nikalifunga. Sikulitia hata nukta. Kila nilipolishika nilijiona kama mtu anayetaka kuingia sebuleni kwa watu na viatu vya matope.

Na si kwamba nilikuwa sichori. Katika miaka hiyo hiyo nimejaza madaftari ya mistari ya wanafunzi, migongo ya karatasi za kazini zilizokwisha kazi yake, bahasha, maboksi ya dawa yaliyokunjuliwa. Nikikadiria ni kurasa zaidi ya 1,000, nyingi zake mbaya. Lile daftari zuri ndilo pekee lililobaki safi, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini.

Nianze mbali kidogo. Utotoni nilichora kama watoto wote wachoravyo: magari, ndege, watu wenye vidole kama reki. Nikiwa darasa la nne, mwalimu mmoja akakuta pembezoni mwa daftari langu la hesabu nimemchora yeye, kitambi na miwani. Hakunichapa. Aliliinua daftari darasa zima lione, wakacheka, na yeye akacheka, tena kwa furaha. Leo nadhani aliupenda ule mchoro. Lakini mimi nilisikia kicheko tu, na tangu siku ile penseli ikawa kitu cha kuandikia na kupigia mistari. Nimerudi kuchora nikiwa na miaka 34.

Kilichonirudisha ni foleni. Nilimpeleka mama kliniki, watu wengi, simu yangu imeisha chaji, na yeye kasinzia kwenye benchi mikono imelala mapajani, mmoja juu ya mwingine. Nilikuwa na kalamu ya kawaida ya kuandikia na ile bahasha kubwa ya picha za eksirei. Nikaanza kuichora mikono yake bila nia yoyote, kuua muda tu. Mchoro ulitoka mbovu wa kutia huruma, vidole kama vibanio vya nguo. Ila nilipoinua kichwa tulikuwa tumekwisha kuitwa mara mbili na nesi amenuna. Dakika 40 zilikuwa zimepita, sijui zilipitia wapi. Ukiacha usingizi, hakuna kitu kingine kilichowahi kunifanyia hivyo.

Mtu mwenye akili angerudi nyumbani, akachukua kalamu ile ile, akaendelea. Mimi nilikwenda dukani.

Nilirudi na kopo la bati lenye penseli 24. Nikaenda tena, nikarudi na vijiti vya mkaa, kalamu za wino za unene sita tofauti, kijisanduku cha rangi za maji, vifutio vya aina tatu, na yule mwanasesere wa mbao mwenye viungo vya kukunja ambaye kazi yake eti ni kukufundisha mikao ya mwili. (Hana msaada. Umweke vyovyote, anasimama kama mtu aliyeteguka kiuno.) Jioni nilikuwa navipanga vifaa mezani kuanzia kirefu hadi kifupi, naangalia video za watu wanaochora, halafu naenda kulala nimeridhika kabisa kama niliyefanya kazi. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi nilikuwa na ghala zima la majembe na sina tuta hata moja.

Utamu wa kununua unafanana mno na utamu wa kuchora, na hapo ndipo nilipokwama. Ukishika penseli mpya unauonja mchoro ambao hujauchora, na mchoro ambao hujauchora hauna kasoro hata moja. Ukigusa karatasi tu, kasoro zinaanza kumiminika.

Upande wa penseli, kilichonitibu ni kujua zinavyotengenezwa. Lugha yetu yenyewe imebeba kosa la zamani: tunasema kalamu ya risasi, na ndani yake hamna risasi, ile metali nzito, hata chembe. Katika karne ya 16 huko Borrowdale, kaskazini mwa Uingereza, watu walikuta madini meusi laini yanayoacha alama kwenye kila yanachogusa, na wachungaji wakayatumia kutia alama kondoo wao. Kwa kuwa yalifanana na risasi yakadhaniwa kuwa aina ya risasi, na jina likasafiri kutoka lugha moja hadi nyingine. Ni mwishoni mwa miaka ya 1770 ndipo mkemia Carl Wilhelm Scheele alipoonyesha kwamba ni kaboni, ukoo mmoja na mkaa. Ndiyo hii tunayoiita grafiti. Baadaye Ufaransa ikaingia vitani, ikakosa grafiti ya Uingereza, na mwaka 1795 Nicolas-Jacques Conté akaja na njia yake: kuisaga grafiti iwe unga, kuichanganya na udongo wa mfinyanzi, kisha kuichoma kwenye tanuri. Ukizidisha udongo, penseli inakuwa ngumu na alama yake hafifu. Ukizidisha grafiti, inakuwa laini na nyeusi. Zile herufi ubavuni ndizo zinazosema hayo: H ni ugumu, B ni weusi, namba iliyo mbele ya herufi ni kiwango chake, na HB imekaa katikati.

Niliposoma hayo nikalitazama kopo langu kwa jicho jingine. Vitu viwili tu, udongo na grafiti, vimepimwa mara 24. Nikazijaribu zote kwenye ukurasa mmoja, mraba mmoja mmoja, na macho yangu yakashindwa kutofautisha 3B na 4B. Ile 4H ilikwaruza karatasi ikaacha mfereji usiofutika kwa kifutio chochote. Mwisho nikabaki na mbili: 2B kwa karibu kila kitu, na 6B kwa giza zito. Hiyo 2B ukiilaza na kuigusisha kwa mbali inakupa ukungu, ukiisimamisha na kuikandamiza inakupa usiku. Ningeambiwa mapema kwamba sehemu kubwa ya namba ya penseli iko kwenye nguvu ya mkono, ningebaki na hela zangu.

Kuna jambo jingine dogo la penseli lililonitesa: ncha kukatika kila nikichonga. Nikalaumu kichongeo, nikabadilisha vichongeo vitatu. Kumbe penseli ikidondoka sakafuni, ile grafiti hukatika vipande vipande ndani ya mti, na hakuna kichongeo kitakachoiunga. Siku hizi nachonga kwa kisu, naiacha grafiti wazi kama sentimita moja, na natembea na penseli ndani ya kipochi cha miwani.

Kifutio nacho kilinipa kazi. Nilikuwa nafuta kuliko ninavyochora. Kuna sikio moja nililifuta mpaka karatasi ikatoboka pale pale penye tundu la sikio, kama mzaha. Nikakitia kifutio kwenye droo mwezi mzima, nikahamia kalamu ya wino. Kuna mchoro ambao Albrecht Dürer, mchoraji mkubwa wa Ujerumani, alijichora mwenyewe mwaka 1484, akijitazama kwenye kioo, akiwa na miaka 13. Alitumia ncha ya fedha, kifaa ambacho alama yake haifutiki kirahisi. Miaka 13, na hakuna kufuta! Mimi sikuwa natafuta kuwa Dürer, nilitaka tu kujua nini kitatokea nisipoweza kurudi nyuma. Kilichotokea ni hiki: mstari wa kwanza ukikosea, unapiga wa pili ubavuni mwake, na ule wa kwanza unakuonyesha umekosea kwa kiasi gani na kwa upande gani. Ukiufuta, unaurudia vile vile, kwa sababu umeondoa kipimo chako. Nimepiga mstari wa bega mara tano kwa namna hiyo, na bega likatoka.

Siku hizi kifutio kimerudi, lakini kwa kazi nyingine. Natumia kile laini kinachofinyangika kama udongo. Nakichonga ncha kwa vidole, nakigandamiza kwenye sehemu iliyotiwa kivuli, nakiinua, na pale penye weusi panabaki mwanga. Mng'aro wa jicho naupata hivyo.

Karatasi sina mengi ya kusema. Zile za kawaida za gramu 80 zinazotumika kwenye mashine za kuchapisha zinatosha kabisa kwa penseli na kalamu. Ukiweka maji zinajikunja kama jani kavu, kwa hiyo rangi za maji zinataka karatasi nene, gramu 300 hivi. Mkaa unataka karatasi yenye meno, yaani yenye mparuzo, la sivyo unateleza tu juu juu. Karatasi za magazeti ni tamu kuzichorea lakini hugeuka njano na kukatika, na kwa mazoezi hilo halina neno. Ukubwa ninaoupenda ni A5, nusu ya A4, kwa sababu unaingia mfukoni mwa koti, na kisichoingia mfukoni kwangu hubaki nyumbani.

Kwenye wino niliungua mara moja tu, ikatosha. Nilichora dirisha na mapazia yake kwa kalamu nyembamba, saa mbili nzima, kila mkunjo, kila uzi. Nikaona nilipambe kwa rangi za maji kidogo. Brashi ilipogusa tu, mistari yote ikayeyuka, pazia likawa kinamasi cha zambarau. Zambarau! Nilidhani ni wino mweusi. Sasa kalamu yoyote mpya naipa mtihani: napiga mstari, nangoja dakika, napitisha kidole kilicholowa mate. Ikitia doa, inabaki kuwa kalamu ya kuandikia orodha za manunuzi.

Haya ya vifaa nimeyajua kidogo kidogo, lakini hayakunifundisha kuchora. Aliyenifundisha ni kiatu.

Ilikuwa mwaka wa pili. Nimechoka kutafuta la kuchora, kila jioni nusu saa inaishia kwenye kuchagua. Nikasema basi, nitachora kiatu changu cha kushoto cha kazini, kila usiku, siku 30, kwa kalamu ya kawaida, kwenye daftari la wanafunzi. Sitaki kufikiri.

Usiku wa kwanza nilichora kiatu. Namaanisha kiatu chochote, kile ambacho kila mtu anacho kichwani: soli bapa, kisigino, matundu mawili mawili ya kamba. Dakika nne, nimemaliza. Nikakiangalia kiatu chenyewe kilichokuwa mbele yangu, nikaona havijuani.

Usiku wa sita hivi nikajaribu zoezi ambalo wachoraji wengi hulitaja, la kuchora bila kuangalia karatasi. Jicho linatambaa kwenye ukingo wa kitu polepole kama sisimizi, na mkono unatambaa nalo kwa mwendo huo huo. Ukishindwa kujizuia ukachungulia, umeharibu. Mpwa wangu, wakati huo ana miaka mitano, alikuwa amekaa pembeni ananitazama. Nilipomaliza akalivuta daftari.

"Mjomba, mbona kiatu kinalia?"

Nikaangalia. Kweli, kilikuwa kinalia. Mdomo wa kiatu umeporomoka upande mmoja, kamba zimeteremka kama machozi, soli imepinda. Hakikufanana na kiatu chochote cha kitabuni. Lakini kile kilichopinda ndicho kilichopinda kweli: nikakigeuza kiatu chenyewe nikakuta kisigino kimelika upande wa nje, karibu nusu sentimita kuliko wa ndani. Nimekivaa kiatu kile miaka miwili na sikujua kwamba natembea nimeegemea nje. Mkono uliokuwa haujui unachora nini ulikuwa umeliona.

Kuanzia hapo usiku haukufanana na usiku. Kuna siku nilichora mikunjo tu, pale kiatu kinapovunjikia mtu akipiga hatua. Kuna siku nilijaribu kamba zikanishinda, zimepitana juu chini mpaka nikapoteza uzi. Nikaacha kuzichora kamba. Nikachora vile vipande vya giza vilivyo katikati ya kamba, kimoja kimoja, hiki kama pembetatu, hiki kama mbegu, na nilipomaliza kamba zilikuwa zimejitokeza zenyewe. Nilikaa nikautazama ule mchoro kama mtu aliyeona kiini macho na hajui kimefanyikaje, ingawa aliyekifanya ni yeye.

Tatizo la sisi tunaoanza ni kwamba tunachora tunachokijua badala ya tunachokiona. Chukua kikombe. Tunajua mdomo wake ni duara na kitako kimekaa juu ya meza iliyonyooka, kwa hiyo mkono unapiga duara juu na mstari ulionyooka chini. Lakini ukikitazama kutoka juu kidogo, mdomo umebonyea, ni duaradufu, na kitako nacho ni mkunjo, tena mkunjo ulioviringana kuliko wa mdomo, kwa kuwa kiko chini zaidi ya usawa wa macho yako. Sura ya mtu ni vivyo hivyo. Nilikuwa naweka macho karibu na paji, kwa sababu mawazo yangu yote yalikuwa kwenye macho, pua na mdomo, na nywele nikiziona kama kofia ya nyongeza. Pima: kwa mtu mzima macho yapo karibu katikati kabisa ya urefu wa kichwa, kuanzia utosini hadi kidevuni. Siku niliyoyashusha, watu wangu wote wakapata ubongo.

Nikishindwa kabisa kuona, nina mbinu mbili. Kama nanakili picha, naipindua kichwa chini miguu juu, ili akili isijue kwamba ile ni pua. Kama nachora kitu kilicho mbele yangu, nafinya macho mpaka mambo madogo yapotee na yabaki mabaka ya mwanga na giza tu. Nusu ya kazi ya kivuli inakuwa imeisha hapo.

Usiku wa 17 na wa 18 sikuchora kiatu. Sikuwa na sababu, sikutaka tu. Hapo zamani ningeishia hapo. Mimi ni mtu wa mnyororo: kiungo kimoja kikikatika natupa mnyororo mzima. Nilishawahi kujaribu Inktober, ile changamoto aliyoianzisha mchoraji Jake Parker mwaka 2009 ya kuchora kwa wino kila siku ya Oktoba, michoro 31. Nilifika siku ya 11. Kosa lilikuwa langu, nilitaka kila siku mchoro uliokamilika, wenye kivuli na mandhari nyuma, wa kuwekwa mtandaoni watu wauone. Na huko mtandaoni nilikutana na balaa jingine. Mchoro mmoja wa jicho ulipata laiki zaidi ya 200. Ule wa kiatu kinacholia, ambao mimi niliupenda kuliko yote, ulipata nne, na moja ni ya dada yangu. Basi nikaanza kuchora macho. Macho, macho, macho, yanayong'aa na kope ndefu. Baada ya wiki sita nilikuwa siwezi kuishika penseli bila kusikia uvivu mwilini, nikaacha miezi minne. Sijawalaumu watu wa mtandaoni, walipenda walichokipenda. Ila tangu hapo sipandishi mchoro kabla haujakaa kwenye daftari mwezi mzima, na baada ya mwezi mara nyingi hamu ya kuupandisha inakuwa imekwisha.

Watu hupenda kututia moyo kwa habari za wakubwa. Kwamba Vincent van Gogh alijitia kwenye kuchora mwaka 1880 akiwa na miaka 27. Kwamba Hokusai, mchoraji wa Japani, aliandika uzeeni kuwa aliyoyachora kabla ya kufika miaka 70 hayana la maana. Nazipenda habari hizi, lakini jioni umerudi umechoka, mgongo unauma, hazikunyanyui kwenye kiti. Van Gogh alinisaidia zaidi niliposoma kwamba alichorea hata penseli nene za mafundi seremala. Hilo ningeweza kulifanya usiku ule ule.

Kinachoninyanyua mimi ni tarehe. Naandika tarehe kwenye kona ya ukurasa, na si lazima nichore. Ni hivyo tu. Lakini ukurasa wenye tarehe hauko safi tena, umeshachafuka, na kwenye kitu kilichochafuka mkono wangu hauna aibu. Mara nyingi baada ya tarehe unakuja mstari, halafu mwingine. Siku nyingine inabaki tarehe peke yake na mstari mmoja wa ukingo wa meza, na nalala kwa amani. Zile kurasa zenye mstari mmoja nimekuja kuzipenda. Kila nikifungua daftari jipya, ukurasa wa kwanza nauharibu makusudi: najaribia kalamu, nazungusha miduara, naandika jina langu kwa mkono wa kushoto.

Kuna kundi la wachoraji duniani linaloitwa Urban Sketchers, lililoanzishwa na mwandishi wa habari Gabriel Campanario mwaka 2007, ambao msimamo wao ni kuchora papo hapo, ukiwa mahali penyewe, unachokiona kwa macho yako. Sijawahi kukaa nao, ila hilo nimelichukua likanitoa ndani. Nachora kwenye mabasi, vyumba vya kusubiri, vibarazani. Watu hawatulii, na mwanzo nilikasirika: umefika kwenye kiwiko, mtu kageuka. Baadaye nikagundua kwamba mtu ana mikao mitatu au minne anayoizunguka. Akigeuka, naanza mchoro mwingine pembeni. Akirudi, na mimi narudi kwenye ule wa kwanza. Ukurasa mmoja unakuwa na michoro sita, yote haijakwisha, na bado mtu yumo. Nusu dakika inatosha kunasa mteremko wa mgongo, na ukiukosa mgongo, vifungo vya shati havitakuokoa.

Siku moja nilikuwa namchora mzee mmoja aliyekaa benchi la mbele yangu. Nilidhani amesinzia. Akafumbua jicho moja.

"Unanichora?"

"Shikamoo mzee. Ndiyo. Samahani, sikuomba ruhusa."

"Marahaba. Lete."

Nikampa. Alilisogeza daftari mbali na macho, akalileta karibu, akalisogeza mbali tena.

"Masikio yangu makubwa hivi?"

"Nisamehe mzee, bado najifunza."

"Hapana, ndivyo yalivyo. Marehemu mke wangu alikuwa akisema, mimi nikambishia miaka 40." Akanirudishia. "Haya, malizia. Na shingo umeisahau."

Nilikuwa nimeisahau kweli. Tangu hapo naomba ruhusa inapowezekana, na wengi hukubali, na wanaokataa nachora viatu vyao kwa kumbukumbu nikifika nyumbani.

Mwaka huu nilimpeleka mama kliniki ile ile. Foleni ile ile, nesi mwingine. Akasinzia, na mikono ikalala mapajani vile vile. Nikatoa 2B. Safari hii niliona vitu ambavyo mara ya kwanza sikuviona: kwamba vifundo vya vidole havipangani kwenye mstari bali kwenye upinde, kwamba pete imezama na nyama imevimba pande zote mbili, kwamba mkono wa chini unabebeshwa uzito na ngozi imejikunja pembeni mwa kidole gumba. Nilichora taratibu. Jina lake lilipoitwa nililisikia. Kwenye gari nikamwonyesha.

"Hii mikono ya nani? Mbona mizee?"

"Yako, mama."

Akaitazama mikono yake, akautazama mchoro, akaitazama tena mikono. "Basi hujui kuchora," akasema, na akaniomba nimpe ule ukurasa. Ameubandika kwenye mlango wa kabati lake, upande wa ndani.

Lile daftari jeusi lingekuwa bado safi hadi leo kama si mpwa wangu. Alikuja kunitembelea, mimi niko jikoni, akatafuta karatasi na hakuna aliyemwambia kwamba kuna karatasi za kuheshimiwa. Nilipotoka nilimkuta sakafuni, amelifungua ukurasa wa kwanza kabisa, karatasi ya gramu 200, na kalamu ya rangi ya kijani iliyokwisha ncha. Amechora kiatu. Kina macho, kina machozi, kina miguu minane, na amekandamiza kwa nguvu zote mpaka alama zimetokea ukurasa wa nyuma.

"Mjomba, cha kwako kile."

Nilisimama hapo na sahani mkononi. Kisha nikaketi chini kando yake, nikageuza ukurasa, nikaandika tarehe kwenye kona, nikauchora mkono wake jinsi ulivyoishika ile kalamu. Vidole vimetoka sita. Nimehesabu mara mbili.